Kibao cha Chini ya Meza

Taa za ukumbi zilipozimwa ili filamu yao ya zamani ionyeshwe tena, mdogo mtu alikuwa kiti cha mbele, amevikwa shada la maua, na dada yake mkubwa kawekwa nyuma yake, karibu na mlango wa choo. Wivu ulikuwa umemkaa dada kooni tangu walipopokelewa, na wala hakujisumbua kuumeza.

Filamu yenyewe ilikuwa kichekesho. Daktari mwendawazimu, maabara ya maboksi yaliyopakwa rangi ya fedha, na mkono wa maiti aliyefufuliwa nusunusu ukitambaa mezani kama kaa. Mdogo mtu, enzi hizo mwembamba, macho yamemjaa uso, ndiye bibi harusi wa daktari. Mkono ulikuwa wa dada. Hela ya kununua mkono wa mpira haikuwepo, basi wakamkunja chini ya meza iliyotobolewa, kitambaa cheusi mpaka sakafuni, mkono umepakwa unga na masizi. Wenzake walimwita Mkono, na jina lake halikuandikwa popote.

Na huyo aliyeigiza daktari! Kabla ya filamu alikuwa akija kwao kila Jumapili kumtazama dada. Filamu ilipomalizika kupigwa, alikuwa shemeji yake. Sasa ni marehemu, lakini dada hajamsamehe.

Ikafika sehemu yenyewe. Mkono ulitakiwa umpapase bibi harusi shavuni, naye azimie. Badala yake ukamzaba kibao mpaka wigi likaruka. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, watu wakapiga makofi. Siku ile ya kupiga picha mkanda wa kurudia haukuwepo, na kibao hicho ndicho kilichofanya filamu ikumbukwe.

Taa zikawaka. Mshereheshaji akauliza habari za kibao.

"Dada yangu maskini," mdogo mtu akacheka kwenye kipaza sauti, "kule chini alikuwa haoni kitu. Bahati mbaya tu."

Maskini! Dada alichemka. Haoni vipi? Kitambaa kilikuwa na tundu, na kwenye tundu hilo alimwona daktari akimbinya mdogo wake kiganja, wakisubiri kamera iwashwe. Kibao kile alikipiga kwa roho yake yote. Ndicho kitu pekee alichokuwa nacho kwenye filamu ile, na leo ananyang'anywa mbele za watu.

Nje, wakisubiri gari, akashindwa kujizuia. "We mtoto, nilikuwa naona. Nilikupiga makusudi."

"Najua, dada." Mdogo mtu alikuwa akilivua lile shada. "Nililiona jicho lako kwenye tundu. Mkono ulipoinuka, nikakusogezea shavu."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimekuchukulia mtu wako. Nikasema acha anipige, yaishe."

Akamvika dada yake maua. Dada akasimama nayo shingoni, roho ikimuuma kuliko ilivyomuuma mle ndani. Hata kile kibao, kumbe alipewa.