Mbingu ya Siku ya Mazishi

Dada yangu ni fundi cherehani, na mshono uliopinda huuona akiwa ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo lile bango la kutangaza gari liliposimamishwa mbele ya duka lake, nilijua nimekwisha.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza mawingu. Cheka tu, wote hucheka. Dada mwenyewe aliniita Fundi wa Mbinguni tangu siku ya kwanza nilipoajiriwa. Natengeneza mbingu kwenye kompyuta, kwa ajili ya filamu na matangazo, na usidhani ni kazi nyepesi. Wingu ni matone. Mwanga ukiingia ndani hugonga tone hili, ukarushwa kwa lile, maelfu ya mara, hadi utokee upande wa pili ukiwa hoi. Kompyuta ikifupisha hesabu hiyo, unapata pamba. Ukiikaza kupita kiasi, unapata moshi wa tairi. Bosi wetu tulimwita Bado, maana neno lake lilikuwa hilo hilo. Alikuja na kikombe chake cha chai, akasimama nyuma ya kiti changu, akatazama wingu nililolihangaikia wiki nzima, akasema bado, akaenda zake. Hivyo kwa miezi minne.

Katika mwezi huo wa nne mama akafariki.

Nilimlilia, sitaki mtu afikiri sikumlilia. Lakini kwenye buti la gari langu kulikuwa na tufe. Ni tufe la chuma, ukubwa wa kichwa cha mtoto, linalong'aa kama kioo. Ukiliweka mahali na kulipiga picha, unapata mbingu nzima iliyojikunja humo, na kompyuta inaweza kuikunjua na kuangazia chochote kwa mwanga wa siku ile. Halikuwa limewekwa pale kwa ajili ya mazishi. Lilikaa humo siku zote, kama jeki.

Mvua ilikuwa imekatika asubuhi hiyo. Dada alinishika mkono pembeni ya kaburi, na mjomba, kaka yake mama, alianza kutuita mmoja mmoja tutie mchanga. Ndipo nikainua macho. Wingu lilikuwa limesimama upande wa mashariki, refu, jua liko nyuma yake. Ukingo wote ulikuwa unawaka, na tumbo lake la kijivu lilikuwa na mwanga ndani, ule ule niliokuwa nikiutafuta kwa miezi minne. Nilijua baada ya dakika tano litakuwa limeharibika. Nikamnong'oneza dada kwamba siwezi, nikauchomoa mkono wangu. Yeye akaelewa kwamba siwezi kuona mama akifukiwa. Nikamwacha aelewe hivyo.

Nilitoa tufe na kamera garini, nikalisimamisha tufe hatua ishirini kutoka pale. Wote walikuwa wamenipa mgongo, na mimi nikawapa wangu. Nikapiga picha saba, kuanzia ya giza hadi ya mwanga mkali, kwa sababu picha moja haiwezi kubeba jua na kivuli kwa pamoja. Niliporudi, mjomba alikuwa amevimba kwa hasira. Dada akamwambia aniache, nimeshindwa kusimama. Maneno hayo aliyarudia mwaka mzima, kwa kila shangazi na kila jirani aliyetaka kujua mtoto wa kiume alikuwa wapi mama yake akizikwa. Kila alipoyasema nilitazama viatu vyangu.

Picha zile zikanikwamua. Nililinganisha wingu langu na lile la kweli, nikaona nilipokuwa nikikosea, na wiki tatu baadaye Bado akasimama nyuma ya kiti changu bila kusema bado. Alikunywa chai kidogo, akasema, "Hilo." Mbingu yangu ikaenda kwenye tangazo la gari jeusi.

Sasa, tufe huonyesha kila kitu kilicholizunguka, na mwenye kamera hutokea katikati, mkubwa kuliko wengine wote. Kwa hiyo kitu cha kwanza tunachofuta ni sisi wenyewe. Kisha watu, kisha miti, hadi ibaki mbingu tupu. Nilifuta vyote, nikahifadhi picha safi kando ya ile mbichi isiyofutwa kitu, na tangazo la televisheni likatoka bila doa. Baadaye wenye gari wakataka bango. Nilikuwa na haraka ya kwenda kula. Nikafungua faili, nikachukua picha mbichi bila kuangalia. Kwenye skrini yangu, watu wa mazishi walioakisiwa kwenye mlango mweusi wa gari walikuwa wadogo kama sisimizi, sikuwaona. Kwenye bango walikuwa na urefu wa mkono wangu.

Nilikwenda dukani siku ya pili baada ya bango kusimamishwa, kompyuta begani na uongo mpya mdomoni. Ningemwambia ile ni picha ya kuokota mtandaoni. Dada alikuwa kwenye cherehani yake, dirishani. Hakuniita Fundi wa Mbinguni.

"Yule wa tatu ni mimi," alisema, akionyesha bango nje. "Lile gauni nilishona usiku mmoja. Bega la kushoto linavuta, sikupata muda wa kulirudia."

Uongo wangu ukanikaukia mdomoni. Akasogeza vitambaa, akaniambia nimwonyeshe zote.

Nikazifungua mezani, kati ya mkasi na chaki. Alizipitia polepole. Katika picha ya pili alikuwa ameinama pembeni ya kaburi. Katika ya tano alikuwa ameinama tena.

"Mara hii ya pili niliinama kwa ajili yako," alisema. "Mjomba alikuita, hukuwepo. Nikakutilia mchanga."

Mwaka mzima nilikuwa na picha hizo, nimezitazama mara mia, na sikuwahi kuangalia chini ya mawingu. Aibu ilinishika hadi masikio yakawaka. Yeye alikuwa ameshasogeza kidole katikati ya tufe, anakuza, anakuza tena, kama anavyokagua kitambaa chenye kasoro. Nikajiona. Kamera imeziba jicho moja, na chini yake mdomo uko wazi, meno yote nje.

"Ulikuwa unacheka," alisema.

Ningeweza kusema jua lilikuwa linaniumiza macho. Nikamwambia ukweli. Kwamba sikukimbia uchungu. Kwamba kwa dakika zile tano nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote ya mwaka ule, na mama nilikuwa nimemsahau kabisa. Dada alikata uzi uliokuwa ukining'inia. Kisha akauliza kama watu wanaweza kuondolewa kwenye bango. Nikadakia haraka kwamba ni kazi ya nusu saa tu, kosa ni la ofisi yetu, jipya litabandikwa kabla ya Ijumaa.

"Basi nifute mimi," alisema. "Mfute na mjomba na wote waliokuja kumzika mama. Wewe jiache."

Nikafanya hivyo. Bado alipita, akainama kwenye skrini, akauliza yule mtu mlangoni ni nani na kwa nini hajafutwa. Nikamwambia ndivyo inavyotakiwa. Alinitazama usoni, akaondoka na chai yake.

Bango jipya liko pale hadi leo. Ni mbingu nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza, na chini yake, kwenye mlango mweusi, kuna mtu mmoja anacheka peke yake. Dada anashona akiliangalia. Jumamosi iliyopita nilikuwa dukani, mjomba akaja kupunguziwa suruali. Katika mazungumzo akarudia swali lake la siku zote, nilikuwa wapi siku ile. Nikamtazama dada anijibie, kama alivyozoea. Cherehani ilikuwa imesimama, naye alikuwa ametulia, mikono mapajani, ananisubiri.