Marehemu Amefika Studio

Mwatima alikuwa akipima kitenge dukani kwake, sokoni Bariadi, redio ilipopiga wimbo aliouimba mwaka 1984. Enzi hizo alikuwa mwimbaji wa muziki wa soul na disko katika bendi moja ya Mwanza, na watu walitoka hata Lamadi kwenda kumsikiliza. Wimbo ulipokwisha, mtangazaji akamsifu Maganga, kiongozi wa bendi ile, kwa utunzi wake, kisha akamwombea mwimbaji pumziko jema, akisema alishafariki siku nyingi.

Mwatima aliweka mkasi chini, akamwomba radhi mteja, akafunga duka saa nne hiyo ya asubuhi. Bodaboda ikamfikisha kwenye kituo cha redio.

Mtangazaji mwenyewe, Ansbert, alimpokea kwa shikamoo. Aliposikia shida yake akaomba kitambulisho. Mwatima akamwambia kitambulisho hakiimbi, akaimba ubeti wa kwanza palepale mapokezi. Sauti ilikuwa imeshuka, lakini namna ya kuivuta silabi ya mwisho ilikuwa ileile. Ansbert akainuka kitini. Alikiri kwamba habari ya kifo aliipata kwa Maganga, akamsihi mama arudi wiki ijayo, wapate kwanza ridhaa ya mzee huyo.

"Mliyemzika ni mimi," Mwatima alisema. "Mbona ruhusa mnamwomba yeye?"

 Ansbert akamwingiza studio, akampigia Maganga simu hewani.

Alipoulizwa habari ya kifo hicho, Maganga alicheka kidogo, akasema ule ni utani wa wanamuziki: mwimbaji akishaolewa, kwa bendi amekufa.

"Sikuacha kwa sababu ya kuolewa," Mwatima alisema. "Niliacha nilipokuta jina lako kwenye santuri, kwenye nyimbo nilizotunga mimi kijijini Sapiwi, nikichuma pamba na mama yangu. Nilipouliza, ukanifukuza mbele ya wenzangu. Nimenyamaza miaka arobaini. Sasa hata uhai wangu umeuchukua?"

Maganga akakata simu.

Wasikilizaji wakaanza kupiga. Mama mmoja wa Nassa alilia. Mwanamume mwingine alimkemea Mwatima kwa kumwaibisha mzee wa watu. Mwatima akamjibu taratibu kwamba hata yeye ni mzee wa watu. Kisha akaimba wimbo wote, pamoja na ubeti wa Kisukuma ambao Maganga aliukata wakati wa kurekodi.

Siku hizi kituo kikiupiga wimbo ule kinamtaja yeye kuwa ndiye mtunzi. Maganga hajaomba radhi, na Mwatima hajamsamehe.