Chiriku wa Baba Mdogo Owiti

Baba mdogo wangu Owiti, mkazi mheshimiwa wa mtaa wa Migosi, aliamini kwamba chiriku anayeimba ni chiriku mwenye furaha. Sisi wanafunzi wa bweni pia huimba mlango ukifungwa kwa kufuli, na mwalimu mkuu huwaambia wazazi kwamba tuna furaha.

Yule ndege mdogo wa manjano alitoka kwa vijana wanaofukuza ndege kwenye mashamba ya mpunga kule Ahero. Baba mdogo alimtia ndani ya tundu, akalitundika barazani, juu ya jiko ambapo mkewe, Mama Mercyline, hukaanga samaki. Akawa anamlisha omena, vile visamaki vikavu vya ziwani.

"Baba mdogo, huyu hula mbegu za nyasi," nilimwambia.

"Nyumba hii tunakula omena. Bweni limekufundisha kuchagua chakula?"

Kufikia likizo ya Agosti, kifua cha ndege kilikuwa kimenyonyoka na hakuimba tena. Baba mdogo alitafakari kwa kina, akatangaza kwamba ndege anaringa. Jumapili, mbele ya ushirika wa maombi utakaokutana kwake, angemwimbisha kwa kugonga tundu na kijiko. Mimi niliona ndege anayekufa.

Jumapili ikafika, kijiko kikagonga. Chiriku akajikunyata.

"Anawaonea haya wageni," baba mdogo alieleza.

Mama Dorca, kiongozi wa ushirika, akasema tuombe. Watu hawa wakiomba hufumba macho kwelikweli. Ungeweza kuhamisha sofa. Mama Dorca alipofika kwenye kuwaombea wafungwa, baba mdogo alinguruma kuliko wote: "Wafungue, Bwana. Wafungue leo."

Nikafungua mlango wa tundu.

Chiriku alisimama ukingoni, akatazama nje, asiondoke. Na Mama Dorca alishaanza kumalizia.

"Na wanafunzi wa bweni, Mama," nilisema kwa unyenyekevu mkubwa.

Akatuombea. Aliombea mitihani yetu, akaombea tabia zetu. Kwenye tabia alikawia sana, Mungu ambariki, na hapo ndipo chiriku aliporuka, akayumba, akavuka paa la jirani.

"Amina," nilisema.

Macho yalifunguka. Baba mdogo alitazama tundu, kisha akanitazama.

"Nani amefungua?"

"Si wewe umeomba, Mzee," Mama Dorca alisema, akijifunga kitambaa kichwani. "Tena umetushinda wote kwa sauti."

Mbele ya ushirika mzima, baba mdogo alifunga mlango wa tundu tupu. Siku hizi Mama Mercyline huweka vitunguu ndani ya tundu lile. Haviimbi, na baba mdogo hajasema kwamba vinaringa.