Boti Ilipoketi Topeni

Kina mama tunaopenda kusema "ngoja kidogo tu", tusikilizane.

Alikuwapo mama mmoja, fundi cherehani, mkali wa mkasi na wa mdomo, aliyekwenda kwa boti kumchukua bintiye mjamzito. Asubuhi mkwewe alikuwa amepiga simu: miguu ya mkewe imevimba, kichwa kinamgonga, na mkunga wa kijiji amesema apelekwe hospitali ya ng'ambo leo hii hii.

Bandari ya kijiji hicho ni ndogo, kama kikombe chenye ufa. Maji yakijaa, boti huelea hadi kwenye ngazi za mawe. Yakitoka, hutoka yote, likabaki tope jeusi na boti zimelala ubavu kama ng'ombe waliochoka. Barabara hakuna, nyuma ya nyumba ni kinamasi. Kwa hiyo manahodha wana mazoea yao: maji yakianza kupwa, boti inabaki nje kwenye mkondo, abiria anaifuata kwa miguu, tope magotini, na mgonjwa anabebwa.

Nahodha, mtu mnene wa maneno machache waliyemwita Kobe, alipunguza mashine kwenye mdomo wa bandari.

"Mama, natia nanga hapa. Maji yameshageuka."

"Geuka na wewe basi, unipeleke ngazini! Mwanangu tumbo limefika puani, umkokote topeni kama bata?"

"Nikiingia, hatukai."

"Nani atakaa? Kwani nimekuja kuposa?"

Kobe akacheka. Akili ya kuambiwa huchanganywa na yako, yeye hakuchanganya. Akaingia.

Nyumbani, binti alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, begi la mtoto limeshafungwa, liko miguuni pake. Uso ulikuwa umevimba, macho yamebaki vijishimo. Gauni la kulalia lilikuwa na doa la mafuta kifuani.

"Mama, twende," akasema.

Mama akalitazama lile doa. Aliwajua wauguzi wa ng'ambo. Mtu akiingia mchafu husemeshwa kama asiye na kwao, akaachwa kwenye benchi.

"Hivi hivi? Watakudharau. Ngoja kidogo tu nikuogeshe."

Mkwe akachungulia mlangoni. "Mama, Kobe anaita."

"Na aite! Ungemwogesha wewe mapema, mimi ningekuta kazi gani?"

Mkwe akarudi nje. Mama mkwe hajibiwi.

Akamwogesha kwenye beseni, akampaka mafuta, akamfunga nywele. Akamvika gauni jipya alilomshonea, likabana kwenye tumbo. Fundi ni fundi: akatoa sindano, akaanza kuachia mshono.

"Mama, naona vimulimuli."

"Njaa hiyo, mwanangu. Simama wima."

Walipofika ngazini, boti ilikuwa imeketi. Kobe alikuwa topeni, bega kwenye ubavu wa boti, anasukuma kama mtu anayesukuma nyumba.

"Nimeita mpaka koo limekauka," akasema bila kumtazama.

"Wanaume mko wapi? Sukumeni!"

Wakaja, wakasukuma. Boti ikazidi kujilaza.

"Na boti zenu?"

"Si hizo, mama? Zote zimelala."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka maji yapende."

Kule mkondoni, pale Kobe alipotaka kutia nanga, maji yalikuwa ya kutosha boti kumi. Haikuwapo hata moja. Mkwe akapiga simu ng'ambo. Wakamwambia boti zimekwenda na abiria, zikirudi itakuja mojawapo. Akapiga tena. Akapiga mpaka wakaacha kupokea.

Binti akalalia ngazi, kichwa mapajani mwa mama. Mara akakaza mwili, macho yakageuka, mikono ikaanza kuruka. Mama akamkumbatia kwa nguvu akidhani atamzuia. Mkunga akaja mbio, akamlaza ubavu, akamfuta povu.

"Dawa yake iko hospitali," akasema. "Mimi hapa sina hata sindano."

"Basi tumbebe! Tumbebe tu!"

"Tumpeleke wapi, mama?"

Degedege likaachia, likarudi, likaachia, likarudi. Mama alikuwa akisema na tope. Alilitukana, kisha akalibembeleza kama mtoto anayegoma kula. Tope likabaki linang'aa juani.

Binti alikata roho maji yakiwa bado hayajaonekana. Mkunga akaweka sikio kwenye tumbo, akakaa hivyo muda, kisha akatikisa kichwa.

"Wote wawili," akasema.

Baadaye maji yakaja, taratibu, bila haraka na mtu. Yakazunguka boti, yakaiinua, ikaelea sawasawa mbele ya ngazi kana kwamba haijawahi kulala. Kobe akapanda, akawasha mashine, akangoja. Mama hakuinua uso. Mkwe alikuwa ameshikilia ule mkono uliopoa.

Kobe akaizima mashine. Hapakuwa tena na wa kupelekwa hospitali.