Joto la Dammam

Mwenda wa Kibirichia alikuwa mkulima wa viazi, na viazi vyake vilikuwa vya wastani tu, kwa sababu akili yake ilikuwa juu ya paa. Huko alikuwa amefunga dishi kubwa la chuma, na kwa dishi hilo alinasa vituo vya mbali ambavyo hakuna jirani aliyeviulizia. Majirani walicheka, naye akacheka nao, mpaka bintiye Kinya alipokwenda Saudia kuwa muuguzi mjini Dammam. Tangu siku hiyo hakutaka mzaha juu ya dishi.

Alisaka televisheni ya taifa ya huko akaipata. Kiarabu hakujua hata cha kuombea maji, lakini kila jioni baada ya habari ilikuja ramani ya hali ya hewa, na ramani haihitaji mkalimani. Alijifunza tarakimu zao moja moja, akaijua Dammam kwa kukaa kwake kulia, ufukweni. Kinya akipiga simu Jumapili, Mwenda alimwambia, "Jana mlichomwa sana huko. Kunywa maji." Kinya alicheka kidogo akasema, "Ndiyo, Baba." Mkataba wake ulikuwa uishe Desemba. Mwenda alijua kwamba joto likianza kushuka, Desemba iko njiani, na mtoto naye yuko njiani. Alikuwa akimngoja kwa nambari.

Jioni moja ya Julai ramani haikuja. Kioo cha televisheni kilikuwa cheusi tititi, na mtangazaji anaongea humo gizani bila wasiwasi wowote. Mwenda akafanya kosa la kila mpenda dishi: akalilaumu dishi. Alipanda juu, akalegeza nati, akalisukuma huku, akalivuta kule, mkewe Karimi akimsomea asilimia za mawimbi kutoka dirishani.

"Sitini. Arobaini. Baba Kinya, sasa ni zero."

Hata ile sauti ikawa imekwenda zake.

Ndipo alipompigia Ireri wa Kianjokoma, kule Embu, mgonjwa mwenzake wa madishi. Walikuwa wamejuana miaka mingi kwa kuulizana masafa ya vituo kwenye simu.

"Umegusa dishi?" Ireri aliuliza.

Mwenda akaitazama spana mkononi mwake.

"Mzee, dishi haikuwa na shida. Hao watu wamebadilisha format ya picha. Hiyo risiva yako ni ya kitambo, inasikia lakini haioni. Ngoja nikuletee ingine yenye inasoma hiyo mpya."

Kungoja kulimkondesha. Jumapili Kinya alipopiga, Mwenda hakuwa na nambari ya kumpa. "Huko kuna joto?" aliuliza, kama mtu anayemsalimia mgeni. "Liko, Baba," Kinya alisema, kisha akaulizia viazi. Alimkosa mtoto wake jioni ile zaidi ya siku alipomsindikiza uwanja wa ndege.

Ireri alifika Agosti, viatu vimejaa matope, risiva ikiwa ndani ya mfuko wa unga. Walihangaika mchana kutwa, mmoja juu ya paa na mwingine mbele ya kioo, na jioni picha ikatua, safi ajabu, hata mikunjo ya shati la mtangazaji ilionekana. Ramani ilikuja. Dammam, arobaini na saba. Mwenda hakungoja Jumapili.

"Kinya, nimekuona tena. Arobaini na saba leo. Lakini mwezi ujao itaanza kushuka, sindiyo? Halafu Desemba."

Kinya akashusha sauti.

"Baba, siko Dammam. Nilihama Aprili. Niko Abha, huku milimani. Asubuhi ni ukungu tu, kama huko kwetu."

"Na mbona hukusema?"

"Hospitali ya huku ilinipa contract ingine. Miaka tatu. Ningekwambia nimehama, ungeniuliza kwa nini, na ungejua sirudi Desemba. Na wewe ulikuwa unanisomea joto ukiwa na furaha, nikashindwa kukukatiza."

Karimi na Ireri walikuwa wakimtazama. Mwenda alitaka kusema rudi nyumbani. Badala yake akageukia kioo.

"Hiyo Abha iko wapi kwa ramani?"

"Chini kabisa, Baba. Upande wa kushoto."

Ramani ilikuwa imeshaondoka. Walingoja wote, Kinya akiwa bado kwenye simu, mpaka ikarudi kwa muda mfupi kabla ya mpira. Mwenda alichuchumaa mbele ya kioo, kidole kikashuka, kikapita miji asiyoijua, kikaipata. Ishirini na nane.

"Nimekuona," alimwambia.

Ireri aliuliza kama picha iko sawa. Ramani iliondoka, mpira wa huko ukaanza, wachezaji wakawa wanakimbia chini ya kidole chake, naye hakukiondoa.