Boti Iliyopimwa kwa Mguu wa Protase

Vestina ndiye aliyeikataa boti ya faiba. Protase, mumewe, alikuwa ameshaiona huko Mwanza, nyeupe na laini kama sahani, imetoka kiwandani. Lakini Vestina alikuwa binti wa Rugaibula, fundi wa boti kwenye mwalo mmoja wa wavuvi huko Muleba, na alijua jambo ambalo kiwanda hakikulijua: mguu wa kushoto wa mumewe haukunjiki tangu aanguke na bodaboda pale Kashai.

"Kiwandani watu wote wana miguu sawa," alimwambia. "Tata atakupima."

Na baba yake, Rugaibula, akampima kweli. Alimkalisha juu ya kreti la soda, akamwambia ajifanye ameshika mashine ya boti.

"Mkwe, mguu huu unamtunzia nani?" mzee alimtania. "Haya, nitaujengea chumba chake."

Akaacha nafasi ndefu chini ya benchi la nyuma ili mguu unyooke, na pembeni akapigilia kishikio cha kuinukia.

Boti ilipokamilika, kabla haijagusa maji, Rugaibula alianguka kando yake na hakuamka. Walimzika migombani. Ukoo ukasema kazi ya mwisho ya mikono ya marehemu isiguswe mpaka matanga yaondolewe, na matanga yakachelewa, kwa kuwa Avit, kaka mkubwa wa Vestina, alikuwa akisubiriwa kutoka mbali. Jua la kiangazi likawaka. Boti ililala ufukweni imefunikwa kifudifudi, na kila asubuhi Vestina alikwenda kuipapasa. Siku zilivyosogea, ukucha wake ulianza kuingia katikati ya ubao na ubao. Akadhani ndivyo Tata alivyoziacha.

Matanga yalipoondolewa, wakaishusha asubuhi iyo hiyo, Vestina na Protase wawili tu, kuipeleka nyumbani kwao Bukoba. Mwanzoni ilikwenda vizuri. Protase alinyoosha mguu wake, akacheka peke yake.

Walipokaribia Kemondo, Vestina alihisi ubaridi kwenye nyayo.

"Mama Hellen, umemwaga maji ya kunywa?" Protase alimuuliza mkewe.

Hakuwa amemwaga. Maji yalipenya kila ungio, membamba kama nyuzi, bila sauti. Chumba cha mguu kilijaa kwanza. Vestina akatwaa ndoo, akachota na kumwaga, akachota na kumwaga, na maji hayakupungua. Akafungua kitambaa cheusi cha msiba kichwani, akakichana kwa meno, akashindilia vipande kwenye nyufa. Akiziba huku, kule kunatoa.

"Geuza tuelekee nchi kavu," alisema.

"Nimeshageuza."

Alimtazama mumewe. Mtu wa mguu ule hawezi kuogelea, na wote wawili walilijua hilo, ndiyo maana hakuna aliyelisema. Boti ilikuwa nzito sasa, inachelewa kuinuka kwenye wimbi. Mimi ndiye niliyemchagulia, Vestina aliwaza.

Ndipo akakumbuka. Alipokuwa mtoto alilia kila alipoona boti mpya ya baba yake imezama karibu na ufukwe, imejaa maji mpaka juu. "Hazijafa," Rugaibula alimwambia. "Zinakunywa. Mbao zikishiba, zinabanana." Kazi hiyo hakumwachia mtu, aliifanya mwenyewe kila mara. Safari hii hakuwepo wa kuifanya, na wao waliiacha boti ikauke kwa heshima.

Matete ya ufukweni yalikwaruza ubavu wa boti. Maji yalikuwa yamefika kwenye benchi. Protase akashika kishikio, akajivuta, akautoa mguu chumbani, akateremka. Maji yalimfika kiunoni. Alisimama pale akihema.

"Tungechukua ile ya faiba," alisema kwa upole.

Vestina alishuka, akachota maji ziwani kwa ndoo, akayamimina ndani ya boti. Akachota tena.

"Vestina. Unafanya nini, waitu, mwenzangu?"

"Ina kiu."

Protase akafungua mashine, akaibeba begani hadi nchi kavu. Akarudi kusaidia. Walijaza mpaka boti ikakaa chini, ikabaki pua tu.

Vestina aliketi kwenye jiwe. Mapovu yalikuwa yakitoka kwenye maungio, moja moja, kama ya mtu anayepumua chini kule. Hakutaka kuondoka kabla hayajakoma. Na aliogopa yakome, maana hapo mbao zingekuwa zimeshiba, na Protase angepanda tena.