Kichwa cha Sisimizi wa Ishirini

"Hadubini ni ya watu wenye macho ya kubahatisha," alisema Jicho, akivuta kiti. "Mimi sisimizi nikimwona tu, namjua yeye, baba yake na shimo alilotokea."

Jina hilo la Jicho alijipa mwenyewe, wiki ya kwanza kazini, kabla watu hawajapata nafasi ya kumtafutia linalomfaa. Kazi yake ilikuwa kupanga sisimizi katika chumba cha wadudu, ghorofa ya juu ya jumba la makumbusho: kumtoa mdudu kwenye kichupa cha spiriti, kumkausha, kumgundisha kwenye ncha ya karatasi ngumu isiyozidi ukucha, kupitisha pini, kisha kuandika kibandiko cha kueleza ni nani na wa ukoo gani.

Mkataba wake wa muda ulikuwa unaisha siku hiyo. Mkuu wa chumba, mama mpole wa sauti lakini mkali wa kalamu, ambaye wote walimwita Profesa, alimpa trei ya sisimizi ishirini. Akiwapanga sawasawa, ameajiriwa. Akiboronga, akusanye virago.

Kufika saa tano, sisimizi kumi na tisa walikuwa tayari. Wa ishirini alikuwa mweusi, mdogo kama punje ya ufuta, peke yake katika kichupa chake. Jicho akamwinua kwa kibanio, akamsogeza puani, na hapo hapo chafya ikamtoka. Sisimizi akabaki kiwiliwili. Kichwa kikaenda kinakojua chenyewe.

Sasa, meza ya mpanga wadudu huwa haikosi makombo: mguu wa juzi, kipapasio cha jana, vichwa viwili vitatu visivyo na mwenyewe. Mtu mwingine angekwenda kwenye hadubini. Lakini hadubini ilikuwa mezani kwa Profesa, na kuiomba kungezaa maswali. Jicho akakodoa. Karibu na kiwiko chake akaona kichwa cheusi. Kiwiliwili cheusi, kichwa cheusi. Ndicho hicho, kitakuwa cha nani tena? Akatazama mlango: umefungwa. Akachovya sindano kwenye gundi, akabana pumzi, akaunga, akapuliza. Sisimizi akarudishiwa heshima yake.

Mchana Profesa akaanza ukaguzi. Kumi na tisa wakapita bila neno. Kwa wa ishirini akarekebisha lenzi mara mbili.

"Jicho."

"Naam, Profesa."

"Huyu kiuno chake kina kifundo kimoja."

"Kimoja, ndiyo."

"Lakini vipapasio vya kichwani vina virungu nchani. Wenye virungu hivi, kiunoni wana vifundo viwili. Miaka thelathini na moja, sijaona kichwa cha ukoo huu kwenye kiuno cha ukoo ule."

Njia ya kujinasua ilikuwa hiyo, tena nyeupe. Wadudu huvunjika kila siku. Mtu huandika kwenye kibandiko "kichwa kimeungwa", maisha yakaendelea. Ila Jicho alikwisha kujiona na meza yake, kiti cha kuzunguka na jina mlangoni.

"Hata mimi nilishtuka," akasema. "Nikajua huyu si wa kawaida."

"Mbona kwenye kibandiko umemwandika wa kawaida?"

"Sikutaka kukutangulia, Profesa. Adabu tu."

"Hajavunjika? Hukumgusa kichwa?"

"Haki ya Mungu! Alivyotoka kwenye kichupa ndivyo alivyo."

Profesa akavua miwani. "Basi kesho picha zake ziende kwa wenzangu. Sisimizi mpya, na aliyemgundua ni wewe." Akafungua mlango, akaita kwenye ujia: "Shangazi! Hebu njoo uone!"

Shangazi alikuwa msafishaji wa ghorofa ile, shangazi wa watu wote bila undugu na yeyote wao, na Profesa hakuwahi kumnyima kuona kitu kipya. Akaacha ndoo, akafuta mikono kwenye aproni, akainama kwenye hadubini.

"Ndiye huyu mgeni?"

"Ndiye. Kamgundua kijana wetu."

Shangazi akatazama kwa muda mrefu. Alipoinuka alikuwa anatabasamu kama mtu ambaye mtoto wake kafaulu mtihani.

"Hongera, mwanangu! Asubuhi nilikuwa huko nje, juu ya ngazi, nafuta vioo vya dirisha hili. Nikakuona unavyohangaika na kichwa chake, mara gundi, mara kupuliza, jasho linakutoka. Nikajisemea, maskini, hiki hakitashika. Kumbe kimeshika! Wala huoni kilipoungwa."

Profesa akavaa miwani tena, akageuka taratibu, akamtazama Jicho.